Dereva Aliyeiona Bahari kwa Mbali

Kwa miaka ishirini na sita Marjan aliendesha malori marefu kati ya Mombasa na Kampala, na katika miaka yote hiyo hakuwahi hata mara moja kulowesha mguu katika maji ya bahari. Jambo hilo alilijua yeye peke yake. Mtaani kwake Makindye, Kampala, watu waliamini kinyume kabisa. Waliamini kwamba huko pwani upo mnara wa taa ambao Marjan alikuwa akiupanda kila safari, akakaa juu na mlinzi wake, wakala, wakanywa, wakazitazama meli zikipita. Waliamini hivyo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia.

Uongo huo haukuanza kwa nia mbaya. Mwaka 1997 binti yake Safinah, wakati huo mtoto wa miaka minane, alianguka kutoka juu ya ukuta wa jirani akavunjika paja. Alilazwa hospitali ya Mulago wiki saba, mguu umefungwa kamba na kuvutwa kwa uzito, hawezi kugeuka kulia wala kushoto. Marjan alitoka safari akaenda moja kwa moja wodini, hajaoga, shati linanuka dizeli, akamkuta mtoto amegeuzia uso ukutani, hasemi na mtu tangu juzi. Akampa machungwa, hakuyatazama. Akamtania, wapi. Kwa kukosa la kufanya akavuta kigoda, akasema, "Unajua safari hii nilikuwa wapi? Nilikuwa juu ya mnara mrefu, katikati ya bahari."

Mtoto akageuza kichwa.

Chembe ya ukweli ilikuwapo. Safari ile, akiwa kwenye foleni ya kupakia kontena, kwenye mwinuko nyuma ya bandari, aliona kwa mbali sana upande wa kusini kitu cheupe, chembamba kama kipande cha chaki. Dereva mwenzake akamwambia ule ni mnara wa taa wa Ras Kijongo, unazionyesha meli mahali penye miamba. Hayo tu ndiyo aliyoyajua. Mengine aliyatunga palepale kando ya kitanda: ngazi mia moja na nne; mlinzi mwenye jicho moja aitwaye Ramathan; birika la chai linalochemka kwa joto la ile taa; ndege weupe wanaogonga kioo kwa midomo wakiomba mkate. Safinah akala chungwa moja, akaomba la pili. Safari iliyofuata, Marjan hajavuka hata mlango wa wodi, akasikia, "Baba, Ramathan hajambo?"

Mpaka mtoto anaruhusiwa kwenda nyumbani, Ramathan alikuwa na mke, mbuzi wawili, na ugomvi na nahodha mmoja Mgiriki. Kumwua mtu kama huyo kungekuwa ukatili. Basi Ramathan akaendelea kuishi, mwaka baada ya mwaka, akisimuliwa sebuleni, akisimuliwa kwenye arusi, akisimuliwa mbele ya wageni walioketi kula gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi aliyoipika Lailah, mkewe Marjan. Na kila Lailah aliposikia habari za upepo wa bahari na chai ya juu mnarani, aliinuka polepole akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Marjan alistaafu mwaka 2016, magoti yamechoka na macho hayapendi tena taa za magari yanayomjia. Hakuwa mtu wa makuu. Babu yake alikuja Uganda na jeshi kutoka Sudan, baba yake akavaa magwanda vilevile, yeye akapenda injini. Alianza akiwa taniboi wa miaka ishirini, kazi yake kuweka mawe nyuma ya magurudumu na kulala juu ya shehena, akaja kuwa dereva ambaye matajiri walimgombania kwa sababu mzigo wake haukupungua njiani. Alilea watoto wanne. Safinah, mkubwa, alisoma mpaka akawa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, anawafundisha watu kazi ya ualimu.

Sasa Safinah huyo, mwezi wa Novemba mwaka jana, alikuja Makindye siku ya Jumapili, akaketi karibu na baba yake, akatabasamu.

"Baba, Desemba tunakwenda Mombasa. Mimi, wewe na Mama. Nimekwisha panga kila kitu. Unakwenda kutuonyesha mnara wako."

Marjan akajisugua magoti. "Magoti haya, mwanangu," akasema.

"Utapanda polepole."

"Siku hizi nasikia wameufunga."

"Nimeangalia kwenye simu. Uko wazi, wanapokea wageni. Kama Ramathan amefariki, tutamwombea dua kaburini."

Marjan akamtazama mkewe kuomba msaada. Lailah hakuwa na habari naye. Alikuwa tayari anauliza kama kule kunahitaji sweta.

Njiani mambo yalikuwa mazuri. Basi lilipita mahali ambapo Marjan alipajua kwa majina ambayo hayamo kwenye ramani: mteremko alipolala siku nne ekseli ikiwa imekatika, mti ambapo madereva walinunua asali, mzani ambapo aliwahi kusubiri mpaka mwezi wa Ramadhani ukamwandamia akiwa kwenye foleni. Hayo aliyasema kwa sauti ya chini, akichungulia dirishani, na Lailah alisikiliza kwa nusu sikio. Hakuna aliyeyataka hayo. Waliutaka mnara.

Walifikia nyumba ndogo ya wageni kusini ya kivuko cha feri cha Mombasa, na asubuhi ya pili, saa tatu na nusu, wakatokeza ufukweni. Ras Kijongo ilikuwa mbele yao. Mnara ulisimama juu ya kisiwa cha mwamba, mweupe, umechubuka rangi upande wa bahari, mnene kuliko Marjan alivyoukumbuka. Na ajabu, kati ya ufuko na mwamba hapakuwa na maji. Palikuwa na mchanga uliolowa, mwani, na vidimbwi vinavyong'aa, mwendo wa kama robo saa kwa miguu.

"Ulisema mlikuwa mnakwenda kwa mtumbwi," Safinah akasema.

"Wakati mwingine mtumbwi, wakati mwingine miguu," Marjan akajibu haraka. "Inategemea. Twendeni."

Wakavua viatu. Marjan akatangulia kwa hatua za mwenyeji, suruali ameikunja mpaka magotini. Mchanga ulikuwa na mikunjomikunjo inayokwaruza nyayo, na kaa wadogo walikimbilia mashimoni mwao. Walipofika katikati ya njia, mtu mmoja akatokeza juu ya mnara kwenye roshani, akaanza kupunga kanga nyekundu kwa mikono miwili.

"Mnaona?" Marjan akasema, naye moyoni akishangaa. "Wananikumbuka."

Akapunga mkono kwa furaha. Yule mtu akapunga kwa nguvu zaidi, akapiga na kelele, lakini upepo uliyachukua maneno yake. Safinah na mama yake nao wakapunga. Wakasonga mbele wote watatu wakicheka, na nyuma yao maji yakaanza kuingia kwenye mikunjo ya mchanga, kimya kimya, kutoka pande zote mbili.

Aliyewapokea mlangoni alikuwa mwanamke mnene wa makamo, anahema kwa kuteremka ngazi mbiombio, ile kanga bado mkononi.

"Shikamoo mzee. Ninyi, hamkuniona nikiwaambia mrudi?"

Marjan hakuzoea shikamoo; Kampala haisemwi. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, cha mipakani na kwenye gereji. "Marahaba, dada. Mimi nilifikiri wewe nasalimia sisi."

"Nawasalimu kwa kanga nyekundu?" Akawaonyesha walikotoka. Njia ilikuwa imekatika. Pale walipopishana na kaa, maji yalikuwa yanameremeta, yanasogea. "Maji yanajaa. Sasa hivi ni saa nne. Yatajaa mpaka mchana, ndipo yaanze kupwa. Hamvuki tena mpaka saa kumi na moja jioni."

"Saa saba nzima?" Lailah akauliza.

"Saa saba nzima. Msiogope, hapa juu hayafiki. Karibuni ndani. Mimi naitwa Mejumaa, ndimi mwangalizi wa mnara huu."

Lailah alibaki ameyakodolea macho yale maji. Ziwa alilijua tangu utotoni, ameliona likipanda mwaka ule wa mafuriko mpaka likaingia kwenye hoteli za kandokando, na lilichukua miezi. Haya yalipanda kama maji ya beseni. Akamgeukia mumewe. "Na wewe hukujua?"

"Nimesahau kidogo," Marjan akasema.

Wakaanza kupanda. Ngazi zilikuwa za chuma, zinazunguka, na Safinah alizihesabu kwa sauti kama alivyofanya alipokuwa mtoto kitandani, baba akisimulia na yeye akihesabu kwa vidole. Marjan alikuja nyuma, jasho linamtoka, na si kwa ajili ya magoti tu. Ishirini. Arobaini. Hamsini na tisa, sitini, sitini na moja. Wakatokeza kwenye chumba cha taa.

Safinah akatazama nyuma, akatazama juu. Juu palikuwa na paa tu. "Sitini na moja," akasema. "Zile nyingine ziko wapi?"

Marjan akajifuta jasho. Chumba kilikuwa cha vioo pande zote. Katikati palikuwa na lenzi kubwa ya zamani, imekatwa kama almasi, na chini yake kitaa kidogo kinachojiwasha chenyewe kwa nguvu ya jua. Kazi ya Mejumaa ilikuwa kufuta vioo, kukagua nyaya na kuandikisha wageni. Nje bahari ilikuwa imeenea mpaka mwisho wa macho, kijani karibu na miamba, kisha buluu, kisha rangi ambayo Marjan hakuwa na jina lake.

"Baba yangu alikuwa dereva," Safinah akamwambia Mejumaa kwa fahari. "Alikuwa akija hapa kila safari, miaka ya tisini. Alikuwa rafiki wa mzee Ramathan, mlinzi wa zamani. Mwenye jicho moja."

Mejumaa akakunja uso. "Miaka ya tisini mlinzi alikuwa marehemu baba yangu. Tangu mimi sijazaliwa mpaka mwaka 2003. Macho yake yote mawili yalikuwa..." Hapo akamwona Marjan. Sijui aliona nini usoni mwake, lakini alikuwa mwanamke mwenye huruma, akabadilisha sauti. "Ingawa, ngoja. Walikuwapo na vibarua, wa zamu. Huenda mmojawapo aliitwa Ramathan. Ndiyo, huenda. Watu walikuwa wengi."

Mejumaa alikuwa amemfungulia mlango wa kutorokea. Ilikuwa ni kuinama kidogo tu na kupita. Marjan angesema "huyohuyo", na siku ingeendelea, na Ramathan angeongezewa miaka mingine ishirini na saba. Aliifungua midomo kwa nia hiyo kabisa. Lakini alikuwa anaitazama bahari, kwa mara ya kwanza katika maisha yake anaitazama kwa karibu, na alijiona hana haki ya kusimama pale na kudai kuwa ameizoea.

"Hapana, dada," akasema. "Asante sana, lakini usisaidie mimi. Hakuna Ramathan. Mimi nilimuunda kwa kichwa yangu."

Kisha akamgeukia binti yake, akasema kwa Kinubi, lugha ya nyumbani, ili asijifiche nyuma ya Kiswahili kibovu. "Sijawahi kufika hapa, Safinah. Niliuona mnara huu mara moja, kwa mbali, nikiwa kwenye foleni. Wewe ulikuwa umegeukia ukuta. Sikujua la kukuambia."

 Safinah akashuka ngazi, na nyayo zake zikasikika kwenye chuma mpaka chini. Mejumaa akakumbuka kwamba ana viazi motoni, akashuka naye. Wakabaki wazee wawili na ile lenzi.

Marjan alingoja kugombezwa. Ndoa yao ilikuwa ya miaka thelathini na saba, na alizijua hasira za Lailah zote, za kelele na za kimya. Lakini Lailah alikuwa anamtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Hata maji hukuyagusa?" akauliza.

"Hata maji."

"Miaka ishirini na sita? Sasa ulikuwa ukifanya nini huku?"

"Nilikuwa nalala ndani ya lori. Ukitoka wanakuibia mzigo. Wiki nzima, mara nyingine siku kumi. Tunapika chini ya trela, tunaoga kwa kopo. Kutoka bandarini mpaka baharini pa kuogelea ni mbali, na lori nitamwachia nani?"

Lailah akaketi kwenye kisanduku cha vifaa, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Marjan alidhani analia. Kumbe anacheka, kisha kweli akalia kidogo, kisha akacheka tena.

"Wewe mwanamume! Mimi nilikuwa nakuonea wivu. Unajua? Watoto wanne, mmoja ana surua, mwingine amefukuzwa shule, mvua inavuja sebuleni, nami najiambia, mwenzangu huko anapigwa upepo wa bahari, anakunywa chai juu ya mnara. Nilikuchukia! Kuna siku nilikuwekea chumvi kwenye chai kwa makusudi."

"Niliinywa," Marjan akasema. "Nilidhani umechanganya mikebe."

"Ulikuwa unalala chini ya trela."

"Ndani. Chini tulikuwa tunapika."

Akamsogezea nafasi juu ya kile kisanduku, naye akaketi. Walikaa hivyo, mabega yanagusana, wakitazama meli moja kubwa ya makontena ikija polepole kutoka upeoni. Marjan akamweleza mkewe jinsi yanavyoteremshwa, yapi yanakwenda Kampala na yapi yanavuka mpaka Kongo, na kwa mara ya kwanza Lailah aliuliza maswali.

Safinah alikuwa chini, ameketi kwenye ngazi za nje, miguu inaning'inia juu ya maji. Hapakuwa na pa kwenda. Angekuwa nyumbani angepanda bodaboda arudi kwake, apitishe wiki mbili bila kupiga simu. Hapa bahari ilikuwa imemzunguka pande zote. Mejumaa alimletea sahani ya viazi vitamu na samaki wa kukaanga, akaketi kando yake bila kualikwa.

"Baba yangu mimi," Mejumaa akasema, "aliishi humu miaka zaidi ya thelathini, macho mawili mazima, na hakuwahi kunisimulia hata kitu kimoja. Ukimuuliza, anakwambia: kazi ni kazi."

Safinah alimega samaki, akala. Baada ya muda akasimama, akaenda mlangoni, akaita kuelekea juu. "Baba! Shuka ule, chakula kinapoa."

Marjan akashuka, anashika reli. Akaketi. Safinah akamsogezea sahani, akasubiri mpaka amemeza.

"Mimi sikukasirikia Ramathan," akasema. "Nilikuwa mtoto, nilimhitaji. Nimekasirika kwa sababu mpaka nina miaka thelathini na tano hukuniambia. Nimewasimulia wanangu. Nimewasimulia wanafunzi wangu darasani, Baba!"

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini tuna saa nne hapa. Nataka unisimulie ya kweli. Ulikuwa unaishi vipi?"

Marjan alidhani hana la kusimulia. Maisha ya foleni yana nini? Akaanza kwa kusitasita: lile jiko la mchina, la mafuta ya taa, walilopikia kati ya magurudumu, na jinsi madereva walivyojua nani anapika nini kwa harufu tu, Waganda ndizi, Wakongo samaki wakavu. Akasimulia kuhusu Mugisho, dereva wa Bukavu aliyemfundisha kushona turubai. Akasimulia siku lori lilipomlalia ubavu karibu na mpaka, limebeba vitabu vya shule, na jinsi alivyoketi juu ya maboksi usiku na mchana siku tatu akisoma kitabu cha jiografia cha darasa la sita mpaka msaada ulipofika. Alipofika hapo Mejumaa akaacha kumenya viazi. Safinah alikuwa ameegemeza kidevu kwenye magoti, vilevile alivyokuwa akikaa zamani mguu ulipopona.

"Basi ndiyo maana ulikuwa unajua mito yote ya Marekani," akasema.

"Ndiyo maana."

Saa kumi na moja maji yalipungua. Mchanga ulianza kuonekana kwa vipande, kisha vipande vikaungana. Mejumaa aliwasindikiza, akawaonyesha pa kukanyaga na pa kuepuka, akawaandikia namba yake ya simu kwenye karatasi. Katikati ya njia maji yalikuwa bado yanafika magotini, vuguvugu kama ya kuoga. Marjan akasimama hapo. Mkewe alishika mkono wake mmoja, binti yake mwingine, na hakuna aliyemharakisha.

Walikaa Mombasa siku tatu zaidi, na kila asubuhi Marjan aliingia baharini na kaptula aliyoazimwa na mume wa Safinah, akakaa hadi vidole vikakunjamana.

Walipokuwa wamerudi Makindye, aliona afadhali ajitangaze mwenyewe kabla hajatangazwa. Ijumaa moja baada ya swala, kwenye benchi la mbele ya duka ambapo madereva wastaafu huketi, aliwaambia wenzake kwamba Ramathan hakuwapo na mnara ameupanda mwezi uliopita kwa mara ya kwanza. Alijiandaa kuchekwa. Badala yake Siraje, aliyeendesha matangi ya mafuta, akakohoa.

"Mimi pia sijawahi kuingia baharini," akasema.

Ikaonekana hakuna hata mmoja wao aliyewahi. Watu tisa pale, jumla ya safari zisizohesabika, na wote walikuwa wameiona bahari ng'ambo ya ukuta wa bandari tu.

Ndiyo sababu mwezi huu wa Agosti nyumba ya Marjan imejaa mabegi. Wanakwenda wote tisa, na wake zao wanaoweza kutembea. Marjan ndiye kiongozi wa safari, lakini mambo ya maji yako mikononi mwa Lailah. Yeye ndiye anayempigia Mejumaa simu, anaandika saa za kujaa na za kupwa, na ametangaza kwamba atakayechelewa kuamka atautazama mnara akiwa ufukweni.

Jana jioni alikuja mzee Ongom, mmoja wa wale tisa, mtoto wa polisi kutoka Gulu, aliyesafirisha chumvi kutoka Mombasa miaka kumi na mitano. Aliketi barazani, akanywa chai yake, akaangalia kulia na kushoto.

"Marjan," akanong'ona, "hebu niambie kweli. Yale maji ni ya chumvi, au ni maneno ya watu?"

"Ni ya chumvi," Marjan akamwambia. "Nimeyaonja mwenyewe."

Ongom akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaomba chai nyingine.